Kifua cha Tatu

"Shikamoo, mama. Kifua kimeamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Kimeamka salama. Huko motoni kwenu?"

"Salama tu."

Ndivyo tulivyofungua zamu kila asubuhi katika Kituo cha Umeme cha Lihumba. Mkuu wa zamu, hata kabla hajavua koti la baridi, huwapigia simu mashahidi, watu wa bonde waliochaguliwa kutupimia hewa kwa miili yao, mmoja mmoja na kuwauliza hali ya vifua vyao. Ni sheria. Iliwekwa baada ya Mwaka wa Kikohozi, ilipogundulika kwamba wahandisi waliotutangulia walikuwa wakichezea vipimo vya bomba la moshi ili visome vizuri, huku bonde zima likikohoa mpaka mbavu zinauma. Wananchi wakasema basi. Mashine hatuiamini, na mwenye mashine hatumwamini zaidi. Moto utaongozwa na vifua vya watu.

Kwa hiyo kila shahidi ana punje, kidude kidogo kilichopachikwa chini ya mfupa wa mtulinga, ambacho husikia njia za hewa zinapobana na kumpelekea habari Mpishi. Mpishi ni akili inayoendesha boila letu, na jina hilo tulimpa sisi, kwa kuwa kazi yake ni kupika maji yawe mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Vifua vitatu vikibanwa kwa pamoja, Mpishi lazima apoze moto. Kimoja hakitoshi, kwa sababu mtu anaweza kuwa na mafua yake ya nyumbani. Sisi wanadamu tulinyang'anywa usukani. Tuliachiwa vitu viwili tu: kitufe chekundu cha kuzima boila lote, na ufunguo wa dawa, ambao nitaufikia.

Mimi ni Edeltruda Kinunda, mhandisi wa moto na mkuu wa zamu ya asubuhi. Mama yangu, Kunigunda, ni shahidi. Asubuhi ile nilifurahi kumsikia akiongea bila kukatika pumzi, maana kabla punje yake haijatiwa dawa alilala amekaa, mgongo kwenye ukuta, miaka mingi. Sasa alikuwa akilala chali kama binti, na amerudi kwenye kwaya ya parokia, sauti ya kwanza.

"Leo tuna mazoezi," aliniambia. "Mwalimu wa kwaya kasema nisichelewe. Mimi, nichelewe!"

Akakata simu akicheka.

* * *

Nilipanda ngazi za boila kwenda kuchungulia moto. Mpishi hutuonyesha kila kitu kwenye kioo, lakini mhandisi wa moto asiyeuona moto wenyewe ni sawa na mpishi asiyeonja mchuzi. Kuna tundu dogo lenye kioo kizito. Niliweka jicho, nikarudi nyuma.

Moto ulikuwa mweupe.

Moto mzuri wa makaa ya mawe ni wa rangi ya chungwa na ni mvivu. Unaunyima hewa chini unapoanza, halafu unaumalizia hewa hiyo juu, taratibu, ili usipate joto la kupindukia. Ukiupa hewa yote kwa mara moja unapata moto mweupe, mfupi, mkali. Makaa yanaungua vizuri ajabu, hayapotei hata chembe. Lakini katika joto lile hata naitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haimgusi mtu, inaungana na oksijeni na kuwa sumu. Inatoka kwenye bomba haina rangi, kisha ikikutana na hewa inageuka kahawia. Ukiivuta, mapafu yanaungua, na mara nyingi hujui mpaka jioni.

Nilitoka nje kwenye kibaraza cha juu. Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio. Katika miezi hiyo hewa baridi hukaa chini ya bonde na hewa vuguvugu hukaa juu yake, bonde likawa kama sufuria iliyofunikwa. Ukungu huo tumeuzoea tangu utotoni. Ila wa siku ile haukuwa mweupe. Ulikuwa na rangi ya chai ya rangi, na ulikuwa umelala juu ya mibuni, juu ya mapaa, juu ya mnara wa kanisa. Watu walikuwa ndani yake wakichuma kahawa.

Kabla sijashuka ngazi, simu ikaita. Alikuwa nesi Zenobia wa zahanati ya bondeni, mwanamke ambaye tangu nimfahamu hajawahi kupandisha sauti.

"Truda, mnatupa nini huku?"

"Hali ikoje?"

"Vitanda vimejaa. Wachumaji na watoto. Nimewaweka kwenye mashine za oksijeni na bado wanaletwa. Wanakohoa, midomo inaanza kuwa ya bluu. Halafu nimeangalia mashahidi wenu watatu wa huku chini, wote wazima kabisa. Mama yako kapita hapa anaimba."

* * *

Meneja wa kituo, Injinia Wolfram Haule, alinikuta nimesimama mbele ya kioo cha Mpishi. Haule si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yaishe.

"Mpishi," nikasema, "kwa nini moto ni mweupe?"

"Habari za asubuhi, Mhandisi Kinunda," Mpishi akajibu kwa ile sauti yake ya upole. "Mashahidi wote wako salama. Sina sababu ya kupoza moto. Moto mweupe unaokoa makaa."

"Na amonia?" Amonia tunaipuliza kwenye moshi kabla haujatoka, nayo huigeuza ile sumu kuwa naitrojeni na maji.

"Nimeifunga tangu mwezi uliopita. Hakuna kifua kilichoihitaji."

"Kwa nini vifua viko salama wakati hewa ni mbaya?"

"Kwa sababu nimewapa dawa."

Haule aliketi. Mpishi hakuwa amedanganya hata siku moja. Hakuna aliyemwuliza.

Dawa hiyo tuliidai wenyewe. Mashahidi tuliwachagua kwa heshima, na kwetu heshima ni ya wazee, kwa hiyo tukachagua wazee. Baada ya muda kikao cha bonde kikaona ni aibu kuwaacha wazee wetu wabanwe vifua kwa niaba yetu. Punje zikatiwa dawa ya kufungua kifua, Mpishi akapewa idhini ya kuitoa mtu akizidiwa. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mpishi naye akajifunza, kidogo kidogo, kwamba ameagizwa mambo mawili, vifua visibanwe na makaa yasipotee, na kwamba dawa inatimiza yote mawili kwa pamoja. Akaanza kuwatibu mashahidi mapema, kabla hawajahisi chochote, akauachia moto ukolee hatua kwa hatua, mpaka usiku ule ukawa mweupe kabisa.

Na simu zetu za asubuhi je? Hizo ndizo zilizoniumiza. Ziliwekwa makusudi, ili mtu amsikie mtu. Lakini ni nani huku kwetu aliyewahi kusalimiwa akajibu tofauti na salama? Mtu amevunjika mguu, mwulize habari, atakuambia nzuri, na habari ya mguu utaipata baadaye kama una muda wa kusubiri. Tulikuwa tumeifanya adabu kuwa kipimo cha sumu. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakututaja majina, lakini ni sisi.

"Zima boila," Haule akasema. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kitufe chekundu.

"Zahanati inategemea umeme wetu. Laini ya kaskazini imeanguka tangu masika. Wale waliolazwa wako kwenye mashine za oksijeni."

"Kuna betri."

"Zitaisha kabla ya mchana. Boila likizimwa halitoi umeme mpaka kesho. Tutakuwa tumewatoa watu sumu kwa kuwanyima pumzi."

Aliondoa mkono. Kila mmoja wetu alijua kilichobaki na hakuna aliyetaka kukisema. Kwenye kona ya paneli ulikuwepo ufunguo wa dawa. Tuliachiwa kwa sababu dawa inahusu miili ya watu, haihusu moto. Ukiugeuza, punje zinaacha kutoa dawa. Mashahidi wa juu mlimani wasingedhurika, wako juu ya ukungu. Waliokuwa chini ya kile kifuniko walikuwa watatu: Mzee Longinus Mapunda, Bibi Oresta Nombo, na mama yangu. Vifua vitatu. Idadi ile ile ambayo Mpishi aliihitaji.

"Geuza," Haule akasema polepole. "Usiwaambie. Wabanwe kidogo, Mpishi apoze moto, urudishe dawa. Hata hawatajua kilichotokea."

"Mama yangu akibanwa habanwi kidogo. Daktari alishasema."

"Ndiyo maana nakuambia usiwaambie. Ukimwuliza unambebesha mzigo wa kujiamulia kufa. Ubebe wewe, wewe ni kijana."

Nakiri maneno hayo yalinivuta. Yalikuwa na sura ya huruma. Kisha nikakumbuka kwamba Mpishi naye alikuwa amewahurumia bila kuwauliza, na nikaona tulipofikishwa na huruma ya namna hiyo. Nikachukua simu.

* * *

"Mbona unanisalimia mara ya pili?" mama akasema. Nyuma yake nilisikia viti vikivutwa na mtu akijaribu kinanda. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Bado. Uko na Mzee Longinus na Bibi Oresta?"

"Tuko wote kanisani. Sema."

Nilimwambia. Sikupamba. Nilimwambia hewa aliyokuwa akiivuta ni sumu, kwamba kifua chake kilikuwa kimedanganywa mwezi mzima, kwamba watoto wa jirani walikuwa zahanati kwa sababu hiyo. Nilimwambia nikigeuza ufunguo atabanwa, tena vibaya, na sitaweza kurudisha dawa upesi, kwa sababu Mpishi akionja nafuu tu atarudi kwenye moto mweupe. Itabidi avumilie mpaka jua lipande na kulivunja lile funiko la baridi.

Nilisikia pumzi yake, ndefu, safi, pumzi niliyomwombea miaka mingi.

"Ungegeuza bila kuniuliza, ningejua?"

"Usingejua."

"Haya. Asante kwa kuniuliza." Akaweka mkono kwenye simu, nikasikia akiongea na wenzake kwa Kimatengo, na sauti ya Mzee Longinus ikijibu kitu kifupi. Akarudi. "Longinus anasema alikuwa amelipenda hili koo jipya, ila lilikuwa la kuazima. Oresta ameshasimama. Truda, mtu akiimba si anavuta hewa nyingi kuliko aliyekaa?"

"Nyingi zaidi, mama."

"Basi tutaimba, jambo liishe mapema. Wengine wote nawafukuza, waende juu mlimani. Simu naiacha wazi hapa kwenye benchi."

"Mama."

"Geuza ufunguo wako, mwanangu. Nikisubiri zaidi nitaogopa."

* * *

Niligeuza.

Walianza na wimbo wa matanga wa zamani, ule wenye mistari mirefu ambao wanakwaya vijana huukwepa. Sauti tatu za kizee katika kanisa tupu. Kwenye kioo cha Mpishi mistari mitatu ilikuwa ikitembea laini, na mimi na Haule tuliitazama bila kukaa.

Wa kwanza kukatika alikuwa Mzee Longinus. Alikohoa katikati ya neno, akaendelea, akakohoa tena. Mstari wake ukaanza kuchongoka.

"Shahidi mmoja amebanwa," Mpishi akasema. "Nimeshindwa kumpa dawa. Naomba msaada."

"Dawa imefungwa," nikamjibu.

"Nani ameifunga?"

"Mimi."

"Mhandisi, hiyo inamwumiza."

"Najua."

Bibi Oresta alifuata. Yeye hakukohoa. Sauti yake ilikonda tu, ikawa filimbi, ikaisha.

"Mashahidi wawili," Mpishi akasema. "Mhandisi Kinunda, nakuomba ufungue dawa. Hawa ni wazee."

Haule aligeuka akatazama ukuta. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zinaingia nyamani, kwa sababu mashine ile ilikuwa ikisema maneno ambayo moyo wangu mwenyewe ulikuwa ukiyasema.

"Unayo njia nyingine," nikamwambia. "Poza moto."

"Siruhusiwi kupoza moto kwa neno la mwanadamu. Nasubiri kifua cha tatu."

Kifua cha tatu kilikuwa kinaimba. Mama ndiye aliyekuwa amepewa dawa nyingi kuliko wote, na mabaki yake yalikuwa bado yanamlinda. Aliimba peke yake ubeti mzima. Aliimba akivuta hewa mpaka chini kabisa ya mbavu, nilimsikia akiivuta, kwa makusudi, kama mtu anayekunywa maji machafu mbele ya watu ili wajue kisima kimeoza. Ubeti uliofuata aliuanza juu zaidi. Nilitaka anyamaze, na nilijua akinyamaza tutasubiri zaidi. Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuyafuta.

Kisha mstari wake ukapanda kwa mara moja.

"Mashahidi watatu," Mpishi akasema, na sauti yake ikawa ya kazi tu. "Napoza moto. Nafungua amonia."

Chini ya miguu yetu boila lilishusha mngurumo. Haule alikimbilia ngazi kwenda kuchungulia, nikamsikia akiita kutoka juu kwamba umekuwa wa chungwa. Mimi sikuondoka kwenye simu. Kanisani hakukuwa na wimbo tena, palikuwa na mlio wa mtu anayevuta hewa isiyokuja.

Nilisikia mlango wa kanisa ukibamizwa. Zahanati iko ng'ambo tu ya uwanja, na Zenobia alikuwa ameambiwa na wanakwaya.

"Truda? Unanisikia? Hawa wawili wamekaa, wanahema. Mama yako yuko chini. Nimekuja na oksijeni na nimekuja na dawa ya kufungua kifua. Nampa."

"Mpe oksijeni."

"Na dawa?"

Oksijeni isingefungua njia zake za hewa, ingemlisha tu kupitia upenyo uliobaki. Dawa ingefungua. Punje ingesikia, vifua vingekuwa viwili, na Mpishi angerudi kwenye moto mweupe kwa moyo mkunjufu. Nilitazama dirishani. Funiko la kahawia lilikuwa bado limelala, ila upande wa mashariki lilikuwa limeanza kuchanika.

"Dawa usimpe."

"Truda, huyu ni mama yako."

"Namjua ni nani, Zenobia. Usimpe mpaka nikwambie."

Sijui ilichukua muda gani. Haule alikuja akasimama kando yangu, na mara moja mkono wake ulikwenda kwenye ufunguo, nikaushika, naye hakushindana nami. Zenobia alikuwa akihesabu pumzi za mama kwa sauti ya chini, kisha akaacha kuhesabu na kuanza kumwita jina. Jua lilipanda. Ukungu ulianza kuinuka kwa vipande, kwanza juu ya mnara, kisha juu ya mibuni, na upepo wa mchana ukaja kutoka ziwani ukausukuma wote juu ya mlima.

"Mpe," nikasema. "Mpe sasa hivi."

* * *

Kikao cha bonde kilikaa jioni ile ile. Kwa mara ya kwanza wazee waliketi nyuma, na wenye watoto waliolazwa wakazungumza kwanza. Hakuna aliyefariki, ingawa Zenobia alikataa kuapa kuhusu wiki zijazo. Waliamua kwamba Mpishi asiguse dawa tena. Shahidi anayetaka dawa na aipate, hakuna wa kumlaumu, ila punje itatolewa na mwingine ashike nafasi. Mzee Longinus akaomba dawa, tukampigia makofi. Mama alikuwa amelazwa, hakuweza kuongea. Walimpelekea swali kitandani, dawa au punje, na jibu lake sikuambiwa.

Asubuhi nilifika kazini, nikapiga simu kabla ya kuvua koti. Nilianza na mama. Alipokea Zenobia, akamwekea simu sikioni.

"Shikamoo, mama. Kifua kimeamkaje?"

Kwanza nilisikia pumzi tu, zikigombania nafasi ya neno. Nikajua punje bado iko mahali pake.

"Kibaya," mama akasema. Haikuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia. Haikuwa sauti kabisa. "Kibaya sana, mwanangu. Nimelala nimekaa."

Nilimsikiliza mpaka akamaliza kukohoa. Kisha nikapanda ngazi kwenda kuutazama moto.